Wasee wa udaktari, haya majina yote mnayashika aje? Nisaidieni

MkonoMtupu
Niaje wasee. Niko mwaka wa pili wa udaktari hapa Nairobi na shida yangu sio kusoma, kusoma nasoma, shida ni kushika. Naweza kaa na mchoro wa mkono jioni mzima, mishipa, neva, mifupa, kila kitu inaingia vizuri kabisa mpaka najiona profesa, halafu asubuhi nikiingia maabara ya anatomia naonyeshwa kamfupa kamoja ka kifundo cha mkono naona tu ni mfupa. Jina limehama. Na ule mtihani wa spota mnaujua, unasimama mbele ya kiungo kimedungwa pini, kengele inalia, unasonga meza ingine, hakuna mambo ya kurudi nyuma kufikiria.

Nimejaribu zile sentensi za Kizungu kila mtu anatumiana WhatsApp, nusu ni matusi na hizo zingine zinaongelea vitu sijawahi ona, nakumbuka sentensi yote vizuri nasahau inasimamia nini. Sasa mwenye ashapita hapa aniambie ukweli, nyinyi mlitumia nini? Na tafadhali msiniambie nisome kwa bidii, hiyo mamangu huniambia kila Jumapili.

Kasuku_wa_Ngara
Karibu kwa chama. Mimi niko intern sai na nakuambia hizo za Kizungu nilizitupa zote nikatengeneza zangu za Kiswahili, na zile nilitengeneza mimi mwenyewe ndio bado ziko kichwani mpaka leo. Chukua hii ya mifupa nane ya kifundo cha mkono:

Sasa Leo Tumepika Pilau Tamu, Tukutane Kwenye Hosteli.

Skafoidi, lunati, trikwetrumu, pisifomu, hiyo ni safu ya kwanza iliyo upande wa kiwiko, unaanza upande wa kidole gumba ukienda upande wa kidole cha mwisho. Halafu kwa ile koma ya sentensi unarudi tena upande wa gumba, unaanza safu ya pili, trapeziumu, trapezoidi, kapitati, hamati. Wait, nisikudanganye, koma iko baada ya "tamu" na "tamu" ni trapeziumu tayari, kwa hivyo safu ya pili inaanzia hapo kwa "tamu". Soma hivi: sasa leo tumepika pilau / tamu tukutane kwenye hosteli. Ukipumulia baada ya pilau uko sawa.

Na zile T mbili zinazofuatana, ni gani iko chini ya gumba? Sikia, g-UM-ba, trapezi-UM-u. Hiyo ikiingia haitoki.

Fundi_wa_Mifupa
😂😂 pilau ya hosteli nani ameiona. Lakini chunga hapo kwa "kwenye", kwa karatasi ya mtihani hiyo ni capitate na inaanza na C, mkiandika na K alama zikienda msirudi hapa kulia. Mengine yote fiti. Ongezea tu kwamba skafoidi ndio huvunjika sana mtu akianguka na mkono umenyooshwa, na damu yake inaingilia upande wa mbali, yaani wa vidole, kwa hivyo ikivunjika katikati kile kipande cha karibu kinaweza kufa kwa kukosa damu. Ukijua hivyo hata hutaihitaji sentensi kukumbuka skafoidi, kazi yake inakukumbusha jina.

BintiPwani
Habari zenu wapendwa. Kaka MkonoMtupu, mimi zilizonitesa ni neva kumi na mbili za kichwa. Nikatunga hii na wenzangu wawili tulikuwa na njaa, utaona mwenyewe:

Omondi, Otieno, Ochieng: Tafadhali Tuleteeni Andazi, Figo, Viazi, Githeri, Vitumbua Au Halua.

Olfaktori, optiki, okulomota, troklea, trijemino, abdusensi, fashiali, vestibulokoklea, glosofarinjea, vagasi, aksesori, hipoglosali. Sasa tatizo la sentensi za namna hii ni herufi zinazofanana, kuna O tatu na V mbili na A mbili. Hizo O tatu mimi napita usoni kutoka mbele, pua imetangulia, inanusa, jicho linafuata, linaona, halafu jicho linazunguka. Na zile V, vitumbua ni namba kumi na ndani ya vitumbua mna "tumbu", karibu sawa na tumbo, na vagasi ndiyo pekee kati ya zote inayotoka kichwani ikashuka shingoni, kifuani, mpaka tumboni. Viazi vinabaki kuwa sikio. Sijui kwa nini viazi viwe sikio lakini ndivyo ilivyo.

Za jicho tulikuwa tunaimba tukienda darasani: *sita ya nje, nne ya mshazari juu, zilizobaki tatu*. Yaani ule msuli wa jicho wa upande wa nje unaendeshwa na neva ya sita, ule wa mshazari wa juu na neva ya nne, na misuli mingine yote inayozungusha jicho ni neva ya tatu.

RejistraMkali
Naomba nimwage maji kidogo. Hizi sentensi ni tamu lakini nimeona wanafunzi wodini wanakariri Omondi Otieno Ochieng bila kukwama halafu ukimwambia apime neva ya saba anakuangalia tu. Herufi sio elimu. Sentensi inakupa mpangilio, haikupi kazi ya kitu, na mgonjwa hatakuuliza mpangilio.

Mdogo wangu, hebu nikuulize, hiyo jioni mzima ulikuwa unafanya nini na huo mchoro? Nadhani ulikuwa unauangalia. Kuuangalia kunakudanganya, kwa sababu kitu kikiwa mbele ya macho kila mara unakiona unakijua. Kuna utafiti wa Roediger na Karpicke wa Marekani, 2006, wanafunzi walipewa maandishi, wengine wakarudia kusoma, wengine wakafunga wakajaribu kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yakageuka, wale waliojipima ndio walikumbuka zaidi, tena kwa mbali. Mtihani wako hauko baada ya dakika tano.

Kwa hivyo funga kitabu. Chukua karatasi tupu, chora mkono kutoka kichwani, andika majina, ukikwama acha pengo, halafu ndio ufungue uone mapengo. Inauma na inakufanya ujione mjinga, ndio maana watu hawapendi. Fanya leo, rudia kesho, rudia baada ya siku tatu, baada ya wiki. Ebbinghaus alijipima mwenyewe na silabi zisizo na maana akaandika kitabu mwaka wa 1885 kuonyesha vile tunasahau haraka sana mwanzoni halafu polepole baadaye, na kila ukirudia kwa kuachanisha siku inakaa zaidi.

Kuna programu ya Anki, ilitengenezwa na Damien Elmes mwaka wa 2006, inakupangia hizo siku yenyewe. Kwa Android na kwa kompyuta ni bure, kwa iPhone unalipia. Lakini tengeneza kadi zako. Ukipakua za mtu mwingine maelfu kwa maelfu utakuwa unabonyeza tu kama mtu anacheza gemu.

MkonoMtupu
Daktari umenipiga kabisa, ndio nilikuwa nauangalia 😅 Lakini simu yangu skrini imepasuka na bando yenyewe ni ya kuombaomba, Anki nitaweza?

RejistraMkali
Ukishaiweka inafanya kazi bila bando. Na kama simu imekufa kabisa nunua manila, kata vipande, swali mbele jibu nyuma, tafuta maboksi matatu ya viatu. Boksi la kwanza unapitia kila siku, la pili baada ya siku mbili tatu, la tatu kila wiki. Ukipata kadi inasonga mbele, ukikosa inarudi boksi la kwanza hata kama ilikuwa imefika la mwisho. Hiyo ni mbinu ya Sebastian Leitner, ilienea miaka ya 70 kabla hata hatujaota simu.

Akili_Turbo_Nairobi
Bro usijisumbue na maboksi niko na dawa original ya kumbukumbu unameza moja asubuhi unasoma mpaka kesho yake bila usingizi, delivari CBD bure, njoo inbox

Sista_wa_Zamu
We Turbo toka hapa na hizo vidonge zako. Mtoto anaomba ushauri wewe unamuuzia dawa hata hujui pakiti imetoka wapi. Modi afute hii tafadhali.

Na wewe mwanangu usiguse hizo, wala usikae kutafuna muguka usiku kucha ukidhani unasoma. Ubongo unapanga uliyosoma wakati umelala, ukikosa usingizi umemwaga kazi ya mchana yote. Mimi ni muuguzi, nimewaona wakija zamu ya asubuhi macho mekundu na hawajui hata wodi ziko wapi.

Sasa nikupe yangu ya dawa za TB maana hizo utazitumia maisha yako yote ukifanya kazi Kenya hii. R H Z E, hizo ni herufi za dawa nne, na kila herufi ni lalamiko la mgonjwa:

R ni rangi, rifampisini inafanya mkojo uwe wa machungwa, mwambie mapema la sivyo atarudi mbio akidhani ni damu.
H ni hisia, isoniazidi inaweza kuharibu neva za mikono na miguu, anasikia ganzi na kuchomachoma, ndio maana anapewa vitamini B6 pamoja nayo.
Z ni zinauma, yaani jointi zinauma, pirazinamaidi inapandisha asidi ya yuriki.
E ni eeh sioni vizuri, ethambutoli inagusa neva ya jicho, nyekundu na kijani zinaanza kuchanganyikana.

Na ini usisahau, R, H na Z zote zinaweza kulisumbua. Za uti wa mgongo najua mbili tu, "tatu, nne, tano, pumzi bila kikomo", hiyo ni C3 mpaka C5, neva za shingoni zinazoendesha kiwambo cha kupumua, na "mbili, tatu, nne, choo kisitoroke", S2 mpaka S4, zile za chini kabisa ya mgongo zinazozuia choo. Hiyo ya pili usiimbe mbele ya wageni.

Makanga_wa_Krebs
Sista umeua 😂😂 hiyo ya TB nimeiba.

Mimi kwangu sentensi hazikufanya kazi kabisa, mimi ni mtu wa njia. Nimekulia Thika Road hizo stage nazijua nikiwa nimelala, so nikaweka mzunguko wa Krebs, ile njia seli inatoa nguvu kwa chakula, kwa stage. Sitreti ni Ngara, isositreti Pangani, alfa-ketoglutareti Muthaiga, saksinili-koA Survey, saksineti Allsops, fumareti Garden City, maleti Safari Park, oksaloaseteti Roysambu. Nane kwa nane.

Sasa abiria ni kaboni. Ngara gari iko na sita. Kati ya Pangani na Muthaiga mmoja anashuka, huyo ni kaboni dioksidi, na analipa NADH (NADH, FADH2 na GTP ndio nauli, ni molekuli za kubeba nguvu). Kati ya Muthaiga na Survey mwingine anashuka na analipa NADH pia, wanabaki wanne mpaka mwisho hakuna mwingine anashuka. Survey kwenda Allsops tunapata GTP. Allsops kwenda Garden City ni FADH2. Garden City kwenda Safari Park kunanyesha, hapo ndio maji yanaingia. Safari Park kwenda Roysambu NADH ya tatu. Roysambu gari inageuza, inarudi tao na wale wanne, inabeba wawili kutoka kwa asetili-koA, wako sita, tunaanza Ngara tena. Ukiulizwa mzunguko mmoja unatoa nini unahesabu tu nauli: NADH tatu, FADH2 moja, GTP moja.

Siku ya mtihani nilifumba macho nikapanda gari.

Fundi_wa_Mifupa
Hii ni kali lakini wacha nikushike na kitu. Wale wawili wanashuka Muthaiga na Survey sio wale wawili wamepanda tao mzunguko huo, ni wale walikuwa wamekaa ndani kutoka oksaloaseteti. Waliopanda mpya wanapita mzunguko wa kwanza wote bila kushuka.

Makanga_wa_Krebs
Kweli kabisa. Wageni wanakaa nyuma.

RejistraMkali
Hii ndio naongelea. Huyu hajakariri herufi, ameweka maana ndani ya njia, ndio maana anaweza kujibu swali lolote la mzunguko hata likigeuzwa. Sista pia hivyo hivyo, kila herufi ni mgonjwa amesimama mbele yako. Nafuta nusu ya ubishi wangu, nusu ingine nabaki nayo.

MkonoMtupu
Wasee nimerudi. Nimekata manila, maboksi nimepata mawili, la tatu ni mfuko wa unga. Jana nimechora kifundo cha mkono kitabu kikiwa kimefungwa nikakosa mbili, leo nimepata zote na C nimeandika C.

Sasa nimejaribu kutunga yangu ya ateri ya karotidi ya nje, ule mshipa wa damu wa shingo na uso, matawi nane kutoka chini kwenda juu: Shosho Ameleta Limau, Fenesi, Ovakado, Papai, Maembe, Sukuma. Supiria thairoidi, asendingi faringea, lingwali, fashiali, oksipitali, posteria aurikula, maksila, supafisho tempora. Shida ni S mbili, nitazichanganya hakika.

BintiPwani
Hongera kaka, ni nzuri sana hii. S hutachanganya ukikumbuka unapanda. Shosho ameketi chini, ndiyo ile ya tezi ya thairoidi, iko shingoni. Sukuma iko juu kabisa ya kikapu, weka vidole mbele ya sikio hapo juu kidogo utasikia inapiga, hiyo ndiyo supafisho tempora. Weka vidole kila ukisema sukuma.

Kasuku_wa_Ngara
Lakini shosho wa wapi huyo analeta fenesi, wetu wa Nyeri huleta ndizi na njahi tu 😂