Naomba ushauri: modemu inapiga simu lakini inaishia NO CARRIER (mawasiliano hayashiki)

Habari zenu wakuu. Nina modemu ya nje ya 56K (kifaa cha kupitisha data kwenye laini ya simu), nimeiunganisha na kompyuta ya Linux kwa kebo ya siriali na naiendesha kwa programu ya minicom. Nikiandika AT (mwanzo wa amri za modemu) inajibu OK, na AT&F inarudisha mipangilio ya kiwandani bila tabu.

Kasheshe iko kwenye kupiga. Laini inapitia swichibodi ya ofisi, lazima uanze na 9. Mwanzoni ilileta NO DIALTONE (haisikii mlio wa laini). Nikaweka ATX3 isisubiri mlio, na koma baada ya 9 ili itulie sekunde 2. Sasa upande wa pili unapokea, zile kelele za modemu kusalimiana zinasikika vizuri kabisa, halafu kimya, NO CARRIER. S7 (muda wa kusubiri muunganisho) nimeipandisha hadi sekunde 90, wapi!

Nahisi laini haihimili kasi kubwa. Je, niibane kwa AT+MS ishuke hadi V.34 (kiwango cha kasi ndogo kuliko 56K) au chini zaidi? Au nizime kwanza usahihishaji wa makosa kwa AT\N0? Kule ninakopiga kuna kifaa cha kupima kina cha mto, na mvua zimekaribia, kwa hiyo nahitaji sana vipimo vyake. Mwenye uzoefu anielekeze tafadhali, ikikubali niihifadhi mipangilio hiyo kwa AT&W.