Mwenye jeshi au mwenye mlango: nani anatisha zaidi leo?

MTOA MADA
Wakuu, tumezoea kupima nguvu za mataifa kwa kuhesabu vifaru, meli na ndege. Mimi naona hesabu hiyo inatupoteza. Siku hizi anayetisha ni yule aliyeshika mlango ambao wenzake hawana budi kuupita.

Mnaijua Uholanzi kwa vitisho vya kijeshi? Hapana. Lakini kampuni yake ya ASML ndiyo pekee duniani inayouza mashine za kuchorea chipu za kisasa kabisa. Marekani ilipoibana China kwenye chipu, Oktoba 2022, haikupeleka manowari. Iliwabembeleza Waholanzi na Wajapani wafunge na upande wao, na mwaka 2023 wakafunga. China nayo inasafisha takribani asilimia 90 ya madini adimu ya dunia, yale ya kutengenezea sumaku za mota na vifaa vya kielektroniki. Aprili 2025, vita vya ushuru na Trump vikiwa vimepamba moto, ikaamuru aina 7 za madini hayo zisitoke bila kibali. Hazikupita wiki nyingi, baadhi ya viwanda vya magari vikasimama, na Juni wajumbe wa pande zote mbili walikuwa mezani London.

Wahouthi, kundi lenye silaha la Yemen, hata serikali yao haitambuliwi na nchi nyingi. Kuanzia Novemba 2023, makombora na droni zao zilizifanya kampuni kubwa za meli ziikimbie Bahari ya Shamu na kuzungukia Rasi ya Tumaini Jema, kusini kabisa mwa Afrika.

Leteni hoja. Ushabiki wa Urusi na Marekani tuuache pembeni.

MCHANGIAJI WA KWANZA
Mkuu, mbona Urusi umeiruka? Ile ilifungiwa karibu kila mlango mwaka 2022: benki zake kadhaa zikatolewa SWIFT, mtandao wa benki za dunia wa kutumiana maagizo ya malipo, akiba yake ya nje ya takribani dola bilioni 300 ikazuiliwa. Ikaacha vita? Mafuta yakageuzwa kwenda India na China, na mwaka 2023 uchumi ukakua. Mpaka wa kule unaamuliwa na mizinga na vijana walioko mahandakini. NATO wenyewe wamelielewa hilo: The Hague, Juni 2025, waliahidi kufikisha matumizi ya ulinzi na usalama asilimia 5 ya pato la taifa ifikapo 2035. Fedha zote hizo ni za nini kama jeshi limepitwa na wakati?

MTOA MADA
Sikusema limepitwa na wakati, nimesema ukubwa wake haukuambii mengi. Ukraine haina meli za kivita za maana, lakini Aprili 2022 iliizamisha Moskva, meli kuu ya kivita ya Urusi katika Bahari Nyeusi, kisha boti zake zisizo na nahodha zikachangia kuzihamisha meli nyingi za Urusi kutoka bandari ya Sevastopol, Crimea, kwenda Novorossiysk, ndani zaidi ya Urusi. Idadi iliwasaidia nini Warusi pale?

Kuhusu vikwazo uko sahihi nusu. Ukifunga mlango mara kwa mara, watu hutafuta pa kutokea. Japani ilibanwa na China kwenye madini adimu mwaka 2010, ikaweka fedha zake katika Lynas, kampuni ya madini hayo ya Australia. Ila angalia muda: zaidi ya miaka 10 baadaye, sehemu kubwa ya mahitaji yake bado inatoka China. Kwa mwanasiasa anayekabiliwa na uchaguzi, hiyo ni karne nzima.

MCHANGIAJI WA PILI
Samahanini, mnazungumzia wakubwa tu. Kongo (DRC) inachimba takribani asilimia 70 ya kobalti ya dunia, madini ya kutengenezea betri. Kwa nadharia hii ilipaswa kuogopwa. Februari 2025 ilisimamisha mauzo ya nje na bei ikapanda, sawa. Lakini mwezi huohuo waasi wa M23 walikuwa wameshaichukua Goma, wakaingia na Bukavu. Huo mlango uliilinda vipi Kongo?

MTOA MADA
Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote hapa. Jibu langu: mgodi si mlango. Kobalti ya Kongo kwa sehemu kubwa inasafishwa China, kwa hiyo ufunguo uko huko. Indonesia ililiona hilo, ikapiga marufuku kuuza nje nikeli ghafi tangu 2020 na viwanda vya kuyeyushia vikajengwa kwake, ingawa mitaji mingi ni ya Wachina. Sasa wanaosema jeshi kwanza wanijibu: Kongo ikiwa na fedha za kitu kimoja tu, ianze na brigedi au kiwanda cha kusafishia? Na kama ni brigedi, italipwa mshahara na nani baada ya miaka mitano?