Mjadala: Ni halali kumtumia kima kuchunguza jinsi macho yanavyochagua cha kutazama?

Mwanzisha mada:
Wakuu, kuna jambo linanisumbua. Katika ubongo wa kati kuna vilima viwili vidogo, kila kimoja kadiri ya punje ya mbaazi. Wataalamu wanaviita kolikulasi za juu. Sifa yao ya zamani ni kugeuza macho: kitu kikicheza pembeni, macho yanaruka huko. Kuamua kipi kitazamwe na kipi kipuuzwe kulihesabiwa kazi ya gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, kule kwa wakubwa.

Mwaka 2012 watafiti Alexandre Zénon na Richard Krauzlis wakaivuruga hesabu hiyo. Kima aina ya makaki walifundishwa kukaza macho katikati ya skrini huku akili ikivizia doa la pembeni. Kilima kimoja kikazimwa kwa dawa kwa muda, na mnyama akaanza kupitwa na badiliko alilopaswa kulisubiri. Cha ajabu, seli za gamba ziliendelea kuonyesha dalili za umakini vilevile. Yaani ofisini kazi inaendelea, kumbe mlinzi wa getini kalala.

Sasa, makaki katika utafiti wa aina hii hufungiwa kifaa kwenye fuvu ili kichwa kisicheze, na mara nyingi maji hupimiwa ili wayafanyie kazi. Kiungo hicho hicho samaki anacho, chura anacho, bundi anacho, panya anacho. Kama siri imo kwenye kitu cha kale namna hiyo, kima wa nini?

Jibu:
Mkuu, umeruka kitu. Panya hana fovea, lile doa la katikati ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) tunalosomea herufi. Kima analo kama wewe. Kutuliza jicho hapa na kupeleka akili pale ni mchezo hasa wa wenye fovea. Mama yangu mkubwa alipata kiharusi, akawa anakula wali wa upande wa kulia wa sahani tu. Macho mazima kabisa, umakini wa upande wa kushoto ndio ulipotea! Ukimgeuzia sahani ndipo anashangaa chakula kimetoka wapi. Ungekaa naye mezani wiki moja, usingeuliza "kima wa nini".

Mwanzisha mada:
Pole sana kwa mama. Lakini mtafiti James Sprague mwaka 1966 aliharibu gamba la kuonea upande mmoja kwa paka, paka akawa kama kipofu wa upande wa pili. Alipoharibu na kolikulasi ya upande mwingine, paka akaanza tena kugeukia vitu. Hapo kima hakuwepo.

Jibu:
Kwa hiyo paka ndiye hana mtetezi? 😄

Jibu:
Wajerumani wameshapelekana mahakamani kwa hili. Mwaka 2008 mamlaka za Bremen zilimnyima mtafiti wa ubongo, Profesa Andreas Kreiter, kibali cha kuendelea na makaki wake. Kesi ikapanda ngazi hadi 2014, profesa akashinda. Katiba yao inalinda uhuru wa utafiti, na inalinda wanyama pia, ndiyo maana ilichukua miaka yote hiyo.

Mwanzisha mada:
Mahakama ilipima sheria, kiu haikuionja. Hoja ya fovea naikubali, kwa shingo upande. Basi mwenye swali linalohitaji fovea aeleze kwenye ombi lake kwa nini panya hatoshi, na asiyeweza kueleza aanze na panya. Suala la maji bado sijalikubali. Mwenye hoja alete.