Kuchomoa diski ya nje kompyuta ikiwa imewaka: njia ipi ni salama?

DadaPicha, Jinja
Ndugu zangu, naomba tulinganishe njia tatu: kuchomoa waya moja kwa moja, kutoa kwanza amri ya kuondoa kwa usalama, au kuzima kompyuta. Juzi nilinakili picha za harusi kwenye diski ya nje, na mstari wa kunakili ulipofika mwisho nikachomoa. Nilipoifungua kwingine, majina ya faili yalikuwepo yote, lakini picha za mwisho zilionekana nusu tu, sehemu ya chini ikiwa ya kijivu. Natumia mfumo wa Linux.

FundiNasser, Kampala
Pole sana, dada. Linux hulimbikiza data kwenye RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) kwanza, na kwa mpangilio wa kawaida zinaweza kukaa humo takriban sekunde 30 kabla ya kuanza kuandikwa, ingawa mstari umeshakwisha. Kwenye Windows 10, tangu toleo la 1809 la mwaka 2018, diski za nje huwekwa katika hali ya kuchomolewa haraka, isiyolimbikiza namna hiyo. Hata hivyo, hapa Nasser Road, ambako wateja huleta flashi kutwa nzima, sichomoi bila amri: hali hiyo haiizuii programu ambayo bado inaandika, na flashi nyingi hupangwa kwa mfumo wa faili wa FAT32 au exFAT, ambayo haina daftari la mabadiliko, linalosaidia kurekebisha mpangilio uandishi ukikatika, kama lile la NTFS, mfumo wa faili wa Windows.

MwalimuArua
Mimi nilidhani kuzima ndiyo njia salama kuliko zote. Kumbe tangu Windows 8 kuna uwashaji wa haraka, ambao, unapozima kompyuta, huacha sehemu ya mfumo imelala tu, na diski ya NTFS ikipelekwa kwenye Linux inaweza kukataa kuandikwa. Shikilia Shift unapobonyeza kuzima, ndipo mfumo hufungwa wote.

DadaPicha, Jinja
Na amri ikikataa, ikidai kwamba diski bado inatumika?

FundiNasser, Kampala
Usiing'oe. Kwenye Linux, amri ya lsof itakuonyesha programu iliyoishikilia. Kwenye Windows, tafuta tukio namba 225 la Kernel-PnP (sehemu ya Windows inayosimamia vifaa vinavyochomekwa) katika kumbukumbu za mfumo; litakutajia programu hiyo. Ukishindwa kabisa, zima kama alivyoeleza mwalimu. Kama diski ni ya sahani zinazozunguka, izime kwa amri ya Linux ya udisksctl power-off, kisha uweke kiganja juu yake na usubiri mtetemo uishe ndipo uinyanyue, kwa kuwa kichwa kinachosoma huelea karibu mno na sahani, na mtikiso mdogo unaweza kuikwaruza.

DadaPicha, Jinja
Ahsanteni. Picha zilikuwa bado kwenye kompyuta, kwa hiyo nimezinakili upya. Baada ya kutoa amri, taa ya diski iliendelea kumeta karibu dakika nzima, wakati mstari ulikuwa umeshatoweka.