Tatuu mpya msimu wa joto: plasta ya nailoni au mafuta? Na hii ya zamani niifanyeje?

Njia_Panda
Habari zenu wakuu. Nachorwa tatuu Jumamosi ijayo, nusu ya pesa nimeshatoa, na joto ndiyo hili limeanza. Mchoraji kaniambia nichague: anibandike ile plasta ya nailoni inayoonyesha, ikae siku kadhaa, au anifunge saa chache tu halafu nyumbani niwe naosha na kupaka mafuta mwenyewe. Pia ninayo ya zamani imeanza kupauka, nayo sijui niipake nini. Waliopitia wanijuze ipi bora. Mahubiri ya kwa nini nachora sihitaji.

Sindano Kavu
Bora kwa nani? Unachorwa wapi mwilini, kubwa kiasi gani, ina rangi au nyeusi tupu? Kazi yako ya ndani au ya juani? Mkuu umeuliza kama mtu anayeulizia viatu bila kutaja namba.

Bibi Losheni
Plasta, funga mjadala. Mimi nilibandikwa mkononi, ya kwanza nikaitoa baada ya saa 24 ikiwa imejaa maji meusi. Nikaosha, nikakausha vizuri, nikabandika ya pili ikakaa siku nne. Vigaga sikuviona kabisa. Yale maji yasikutishe, ni majimaji ya kidonda yamechanganyika na wino uliozidi. Ila ikianza kuvuja pembeni itoe hapohapo, maana panapotoka maji ndipo panapoingia uchafu.

Kobe Bila Mguu
Bibi, ulibandika kipindi cha baridi au cha joto? Mimi nilibandika katikati ya joto kali, kwenye muundi wote. Siku ya kwanza safi. Siku ya pili jasho likaanza kujikusanya chini ya nailoni, nikajisemea ndiyo hayo majimaji ya kawaida. Siku ya tatu pakaanza kuwasha, lakini si ule muwasho wa kidonda kinachopona. Ulikuwa muwasho wenye pembe nne! Ukitazama unaona mstari umenyooka kama umepigwa rula, unafuata ukingo wa plasta. Nikavumilia kwa sababu niliambiwa siku tano. Siku ya tano nikaivuta kwa pupa kwenda juu, kumbe ilitakiwa niilowanishe kwa maji ya uvuguvugu halafu niivute taratibu kulala na ngozi. Ikaondoka na ngozi. Malengelenge yakajaa umbo la mstatili, na katikati ya mstatili kobe wangu kavimba macho. Daktari akasema ni mzio wa gundi, wino hauhusiki. Wiki tatu za kupaka dawa. Kobe alipopona alikuwa amekosa mguu mmoja wa nyuma, na mchoraji akagoma kumrudishia bure eti nilimchezea. Kabla hujabandika kipande kikubwa, kata kidogo ubandike mahali penye ngozi nzima, kaa nacho siku mbili uone.

Bibi Losheni
Pole sana. Lakini hiyo ni ngozi yako na gundi, joto unalisingizia.

Kobe Bila Mguu
Na lile jasho nalo nililisingizia? Haya.

Mzee Nanga
Vijana mnajisumbua. Mimi nina nanga mkononi tangu ujanani. Nilipaka mafuta ya mgando, nikaenda kwenye shughuli zangu. Mpaka leo ipo.

Sindano Kavu
Ipo mzee, inasomeka? Mafuta ya mgando si sumu, ubaya ni watu kuyapaka kama wanapiga plasta ukuta. Kwenye joto tabaka nene linazuia jasho, ngozi inalainika kupita kiasi, kigaga kinabanduka kabla ya wakati na wino wake. Paka kidogo sana, ngozi ing'ae kwa mbali. Ikianza kubambuka hamia kwenye losheni isiyo na manukato.

Mzee Nanga
Inasomeka. Mke wangu anasema ni uyoga, lakini inasomeka.

Kipepeo Mweusi
Mtetee mzee. Ötzi, yule mtu aliyekutwa kwenye barafu ya Alps mwaka 1991, ana michoro 61 na kapita miaka 5,000. Losheni gani alipaka?

Sindano Kavu
Alikuwa barafuni, hakuna jua lililomfikia. Tena ile ni mkaa, na nyeusi ya mkaa ndiyo inayodumu. Njano na nyeupe ndizo hutangulia kupotea.

Kobe Bila Mguu
Ile ya Ötzi ni chale, si tatuu.

Kipepeo Mweusi
Wino ukilala chini ya ngozi ya juu ni tatuu, hata ukiutia kwa mwiba.

Njia_Panda
Wakuu turudi kwenye mada. Nilisahau maelezo. Nachorwa kifundo cha mguu kupanda juu, nyeusi na nyekundu kidogo. Kazi yangu ni kupima ardhi, kutwa niko juani na buti. Ya zamani iko begani, ina miaka tisa. Halafu siku ya kumi baada ya kuchorwa tunakwenda baharini na familia.

Sindano Kavu
Yaani bahari ndiyo umeisahau! Hakuna kuzama majini mpaka ngozi ifunge na kubambuka kote kuishe, wiki mbili hadi nne, na eneo la buti huchelewa kwa sababu ya msuguano. Mwaka 2017 madaktari waliandika habari za mwanamume wa miaka 31 aliyeogelea Ghuba ya Mexico siku tano baada ya kuchorwa mguuni. Akaingiwa na bakteria aitwaye Vibrio vulnificus, akafariki. Ni kweli alikuwa na ugonjwa wa ini, na si kila mtu yatamkuta. Lakini bakteria huyo hupenda maji ya chumvi yenye uvuguvugu, yaani msimu huuhuu unaotaka kwenda. Na nyekundu ndiyo rangi inayoongoza kwa mzio, mwambie mchoraji wako mapema.

Bibi Losheni
Si ndiyo maana nasema plasta? Haipitishi maji.

Sindano Kavu
Maji ya bafuni sawa. Kuogelea nayo saa nzima, kwenye kifundo kinachojikunja? Itafunguka tu.

Kipepeo Mweusi
Ya begani mmeisahau. Hiyo ndiyo ya kupaka losheni ya kukinga jua. Ile mpya usiipake ikiwa bado kidonda, ifunike kwa nguo pana. SPF 30 (ile namba ya kinga kwenye chupa) huzuia kama asilimia 97 ya UVB, miale ya jua inayounguza ngozi, 50 kama 98, kwa hiyo msiuane kwa namba. Wengi wanapaka kidogo mno na hawarudii kila baada ya saa mbili. Mimi ni mweusi tii, losheni za zinki zinaniacha kama nimetumbukia kwenye unga, natumia zisizo na zinki. Ila begani kuna shati, na shati halihitaji kurudiwa. Usitegemee kivuli cha gari, UVA, ile miale mingine ya jua, inapita kwenye kioo cha dirisha.

Njia_Panda
Nimempigia mchoraji. Anasema nikisogeza tarehe nusu yangu imeliwa. Je, nikienda baharini nikae mchangani tu?

Kobe Bila Mguu
Mchanga! Kwenye kidonda!

Mzee Nanga
Mimi nanga yangu nilichorwa melini kabisa.

Bibi Losheni
Ndiyo maana ikawa uyoga.

Njia_Panda
😂 Bado sijaamua. Mke wangu anasema safari haisogei, na kiti cha kukalia kivulini yeye hatanibebea. Nikichorwa nitaleta picha.

Kobe Bila Mguu
Kile kipande cha plasta umeshakijaribu?

Kobe Bila Mguu
Mkuu?