Naomba ushauri: kitambaa gani kinafaa kwa kichujio cha vumbi cha kompyuta cha kujitengenezea?

Mtafutaji: Wakuu, habari zenu. Nimekwama na wasiwasi umenizidi. Kompyuta yangu ya mezani inaingiza vumbi jingi, hivyo nimeamua kuitengenezea kichujio kwa mikono yangu badala ya kununua. Nimekata fremu ya kadibodi ngumu, nikaiwamba soksi ndefu ya nailoni kwa tabaka mbili, kisha nikaibana kwenye kasha kwa sumaku ndogo ili niweze kuibandua na kuiosha. Tangu hapo kompyuta inazima ghafla nikiwa katikati ya kazi. Kati ya nailoni, chandarua na sponji, ni kipi kinachozuia vumbi bila kuziba hewa?

FundiNyaya: Mkuu, chandarua kina matundu makubwa, kwa hiyo kitanasa nywele na nyuzinyuzi tu, na vumbi laini litapita. Nailoni inafaa, lakini iwe tabaka moja isiyovutwa sana. Sponji iwe ile nyepesi ambayo ukiielekeza kwenye mwanga unaona upande wa pili. Ya kuoshea vyombo inabana mno. Kumbuka kwamba feni za kasha, hata zile kubwa za milimita 120, hazina nguvu ya kuvuta hewa kupitia kitu kizito. Shika kipande cha karatasi laini mbele ya kichujio wakati feni inazunguka: ikiwa hakivutwi, hewa haipiti.

MamaTaratibu: Kabla ya vitambaa, mwanangu, tuzungumzie usafi. Mdogo wangu alifunika kompyuta yake kwa kipande cha shuka, feni zikawa zinalia mchana kutwa, kumbe iliwekwa sakafuni pembeni mwa zulia ambalo halikuwahi kukung'utwa. Tuliipandisha juu ya meza, tukaanza kufuta chumba kwa kitambaa chenye unyevu badala ya kufagia kikavu, na mpaka leo haina kichujio chochote. Vumbi lisilotimuliwa haliingii mahali.

Mdadisi: Ndugu mleta mada, umeziba matundu yapi? Ya mbele peke yake?

Mtafutaji: Nimeziba yote, pamoja na ya nyuma na ya pawasaplai (kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta). Niliona si busara kulinda mlango mmoja na kuacha mingine wazi. Fremu zote nimeshazimaliza, na sitaki kuanza upya.

FundiNyaya: Hapo ndipo penye tatizo la joto. Matundu ya nyuma yanatoa hewa moto. Ukiyaziba, joto linabaki ndani, prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, inapofika karibu na nyuzi 95 hadi 100 za Selsiasi inajipunguzia kasi, na ikizidi mashine inajizima ili isiungue. Weka kichujio pale hewa inapoingia tu, kisha hakikisha feni za kuingiza zinazidi kidogo zile za kutoa. Kasha likijaa hewa kwa namna hiyo, hewa inasukumwa nje kupitia kila upenyo, na vumbi halipati njia nyingine ya kuingilia.

Mdadisi: Na vumbi lenyewe ni la nini? Hujalitaja jambo hilo tangu mwanzo. Soksi ya tabaka mbili haijai upesi kwa vumbi la sebuleni.

Mtafutaji: Kompyuta iko karakana. Ninachora mageti na madirisha ya chuma, na grainda inafanya kazi kwenye meza ya jirani. Siwezi kuihamisha, kwa kuwa ninapima na kuchora papo hapo. Ndiyo maana nikatafuta kichujio.

JichoKali: Samahani, wadau, mimi naona hadithi hii imetungwa. Mtu anayesaga chuma karibu na fremu zenye sumaku angeona sumaku hizo zimeota ndevu za unga wa chuma baada ya muda mfupi tu, na angelitaja jambo hilo kabla ya kuuliza habari za vitambaa.

Mtafutaji: Sijatunga lolote, ndugu yangu. Ndevu hizo zipo, nyeusi, kwenye kila sumaku, na nilifurahi kuziona kwa sababu nilidhani sumaku zinasaidia kuchuja. Kila ninapobandua fremu ili niioshe, nyingine zinadondoka ndani ya kasha.

JichoKali: Basi nakuomba radhi, na nakuomba pia uchomoe waya wa umeme sasa hivi. Unga wa chuma unapitisha umeme, na nafasi kati ya miguu ya vijenzi vya bodi kuu mara nyingi haifiki hata milimita moja. Huenda hata kuzima huko si kwa joto peke yake. Zaidi ya hayo, cheche za grainda zikiifikia nailoni au kadibodi zinaweza kuwasha moto.

Mtafutaji: Je, nikitumia gundi badala ya sumaku na kuongeza tabaka la tatu?

FundiNyaya: Hapana, mkuu. Tabaka la tatu litaua hewa iliyobaki, na chembe laini zaidi za chuma bado zitapita. Ihamishie kompyuta nyuma ya ukuta, hata ukibaki na skrini na kibodi tu upande wa kazi kwa nyaya ndefu. Huko, kichujio kimoja cha nailoni mbele kitakutosha, na fremu uliyokwisha kuitengeneza itatumika. Kabla ya kuiwasha, safisha bodi kwa brashi laini kavu huku ukinyonya chenga kwa karibu bila kuigusa bodi. Usipulize, kwa maana utazisukuma chini ya vijenzi. Pawasaplai usiifungue, kwa kuwa inahifadhi umeme hata ikiwa imechomolewa. Ikiwa imeingiwa na unga, ibadilishe.

Mtafutaji: Nimeshachomoa. Kuna stoo upande wa pili wa ukuta. Ninapima urefu wa nyaya.