Nimeendesha gari kilomita 480 hadi Mombasa, kisha nikahesabiwa: “Watu wanane na dereva”

Mwenye_Mahema (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, ninaandika nikiwa ndani ya gari langu mwenyewe, nje ya nyumba tuliyokodi Nyali, saa tano usiku, kwa sababu nikiingia ndani nitatamka maneno ambayo mama mkwe hastahili kuyasikia. Sitamtaja mtu jina. Hakuna haja. Waliosoma uzi wangu wa Desemba kuhusu mbuzi wa mahari wanamjua, na ambao hawakuusoma wanaye wa kwao: ni yule mwanyumba wako, aliyeoa mdogo wa mke wako, ambaye huingia katika kila sherehe kana kwamba kadi za mwaliko alizichapisha yeye, na ambaye pochi yake haijawahi kuonwa na jua.

Leo saa nane mchana, mbele ya dirisha la tiketi la Fort Jesus, karani alituuliza kwa upole kabisa tuko wangapi. Huyo bwana, miwani ya jua ikiwa juu ya kichwa, akajibu kwa sauti ya kusikika hadi Zanzibar: “Watu wanane na dereva.”

Dereva ni mimi. Wale watu wanane ni yeye, mke wake, mke wangu, mama mkwe na watoto wanne, wawili wangu na wawili wake. Gari ni langu, lile la viti kumi ambalo siku za kazi hubeba mahema na viti vya kukodisha harusini, na ambalo kwa heshima ya safari hii nililiosha mara mbili hadi harufu ya turubai ikatoka. Mafuta ya kwenda niliyalipa mimi, kwa kuwa tulikubaliana atalipa ya kurudi, na mafuta ya kurudi sote tunajua yatalipwa na nani.

Tulitoka Nairobi saa kumi alfajiri. Yeye alikaa kiti cha mbele, akavua viatu, akapandisha miguu kwenye dashibodi, akalala kabla hatujafika Mlolongo. Soksi zake nilizitazama kuanzia Salama hadi Kibwezi. Ya kushoto ina tundu linaloruhusu kidole gumba kuangalia barabara, na ninakiri kwamba kidole hicho kilinisaidia kuangalia malori kuliko mwenye kidole. Aliamka tulipofika Tsavo, akawasimulia watoto habari za wale simba wa 1898 walioshambulia wajenzi wa reli, akiongeza simba mmoja kila baada ya kilomita kumi, kiasi kwamba tulipofika Voi reli ile ilikuwa imejengwa na simba wenyewe. Halafu akala mayai ya kuchemsha ambayo mke wangu alikuwa ameniwekea mimi, akalala tena.

Nirudi dirishani. “Watu wanane na dereva.” Nilidhani ni mzaha. Nilicheka kidogo, ile cheko ya mtu anayesubiri wenzake wacheke ndipo ajue kama ni mzaha. Mama mkwe alikuwa ananyoosha leso yake. Mke wangu akasema, “Tutakuletea picha.” Karani akatoa tiketi nane, akanitazama kwa huruma ambayo sijatazamwa kwayo tangu nilipofeli hisabati, na yule bwana akanipa funguo zangu mwenyewe, ambazo alikuwa amezishika ili aonekane, akaniambia mizigo ya watu isiachwe peke yake. Mizigo ya watu! Yaani hata mabegi yana wenyewe ambao ni watu.

Nilikaa nje kwa saa mbili. Kwa kuwa sikuwa na la kufanya, nilisoma historia ya ngome hiyo kwenye simu nikiwa nimeegemea bampa, na sasa naijua kuliko wote walioingia. Kule ndani aliwaambia watoto kwamba ilijengwa na Vasco da Gama. Vasco da Gama alipita Mombasa mwaka 1498 na alifariki 1524, na ujenzi ulianza 1593, kwa hiyo alikuwa kaburini miaka 69 kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa. Mchoro ni wa Giovanni Battista Cairati, Mtaliano aliyewatumikia Wareno, na wataalamu wanaeleza kwamba umbo la ngome yote, ukiitazama kutoka juu, lilifuata mwili wa binadamu. Naomba mlitafakari jambo hilo pamoja nami. Ngome ya mawe ya matumbawe imehesabiwa kuwa mtu, na mimi nimehesabiwa kuwa dereva.

Waomani waliizingira tangu 1696 hadi 1698, na waliokuwa ndani walitamani kutoka. Mimi ni mtu wa kwanza katika historia ya jengo hilo kuzingirwa nikiwa nje.

Walipotoka, wakinuka furaha na mafuta ya kujikinga na jua, mtoto wake mdogo wa miaka mitano, ambaye hadi asubuhi ya leo alikuwa akiniita Baba Mkubwa, alinivuta shati na kusema: “Dereva, nina kiu.” Hakukemewa na yeyote. Tulipokwenda kwenye zile sanamu za pembe za ndovu za Barabara ya Moi nilikuwemo pichani, kwa maana kwamba kamera niliishika mimi.

Watu wanane. Na dereva. Naomba maoni yenu, na kwa kweli sihitaji ushauri. Nahitaji watu wa kukasirika pamoja nami.

Kipanga_wa_Emali

Pole sana, ndugu Dereva. Kabla hatujakasirika, ningependa kujua kama gari lilikuwa limeegeshwa kivulini.

Mwenye_Mahema

Lilikuwa kivulini, na hilo halihusiani kabisa na mada. Na ninaomba nisiitwe Dereva katika uzi wangu mwenyewe.

Mama_Watatu

Nimesoma yote kwa makini, na nina hoja moja tu ya kihesabu. Kama ungehesabiwa kuwa mtu, mngekuwa watu tisa na gari lisilo na dereva, na hapo ndipo familia ingekuwa na tatizo la kweli. Huyo mwanyumba wako alikuwa anaulinda usalama wenu. Kuhusu mayai, hapo ninakuunga mkono bila masharti, kwa sababu yai la msafiri ni amana.

Mkaazi_wa_Ndia_Kuu

Mimi ni mzaliwa wa Mji wa Kale, na kilichoniuma katika kisa hiki si tiketi. Kimeniuma kwamba umekaa saa mbili ukiegemea bampa wakati Mji wa Kale unaanzia hapo hapo ngomeni. Ungefunga milango ya gari, ukashika mtaa wa Ndia Kuu taratibu, ukaona milango ya kuchonga na roshani za mbao, ukafika Msikiti wa Mandhry ambao ni wa 1570, yaani ulikuwapo Wareno hawajaweka jiwe hata moja pale ulipoegemea, halafu ukanywa kahawa chungu kwa kashata na kurudi kabla hawajamaliza kupiga picha na mizinga. Hakuna bawabu aliyekukataza. Kuitwa dereva ni kosa lake. Kukubali kuwa mlinzi wa mabegi ni kosa lako.

Na kwa kuwa tumefungua mlango wa malalamiko, na mimi nina langu. Wageni wa mwisho wa wiki mnaegemea milango ya watu kupiga picha bila kujiuliza kama nyuma ya mlango kuna mtu. Mwezi uliopita nilisimama ndani ya nyumba yangu, mkoba wa soko mkononi, nikimsubiri bwana harusi asiyenijua amalize kutabasamu kwenye kizingiti changu. Nilipofungua alikaribia kuingia kwa kisogo, na mpiga picha akaniambia mimi nisogee.

Kipanga_wa_Emali

Naona huko nako kulikuwa na watu wawili na mwenye nyumba.

Binti_wa_Likoni

Hayo yote ni madogo. Sisi mwaka jana tulikuwa na shangazi ambaye, tukiwa kwenye foleni ya magari ya feri, alishuka kununua njugu, akachukuliwa na umati wa waendao kwa miguu, akavuka. Kwa kuwa wa miguu hawalipi wala hawasubiri kama magari, alifika ng'ambo ya Likoni muda mrefu kabla yetu, akapiga simu si kuomba radhi bali kutulaumu kwamba tumemtelekeza katika nchi ya watu. Tulipomfikia alikuwa amekwishawaeleza wauza madafu wote sifa zetu mbaya, na mmoja wao alinikatia dafu huku akinitazama kama mtu aliyemtupa mama yake.

Mama_Watatu

Ndiyo maana siku hizi watu wenye busara wanapita Dongo Kundu, wanakwenda pwani ya kusini bila kuiona feri.

Binti_wa_Likoni

Mtu aliyepita Dongo Kundu hajavuka, amezunguka. Ukivuka kwa feri unapata upepo.

Mwenye_Mahema

Ndugu zangu, naomba kwa heshima turudi kwenye mada. Sijafika Likoni. Nimefika dirishani. Karani ameuliza, “Mko wangapi?” na mtu ambaye soksi zake nimezivumilia kwa nusu siku akajibu: “Watu wanane na dereva.” Hivi sasa ninavyoandika yuko sebuleni, ninamsikia akiwaeleza watoto jinsi alivyotufikisha salama.

Mhasibu_Mstaafu

Ukweli ni kwamba umesamehe jambo kubwa ukakasirikia dogo. Jambo kubwa ni mafuta. Katika safari yetu ya Pasaka kila mtu mzima alitakiwa kuchangia, na binamu mmoja, ambaye naye simtaji, alitoa mchango wake kwa njia ya sala aliyoisoma tukiwa Mlolongo, ikiwa ni pamoja na kuombea tangi lisikauke. Nilipomkumbusha tulipofika Makindu, akanishauri tule kwenye hekalu la Kalasinga, ambako msafiri yeyote hulishwa bila malipo, na akaihesabu sahani yangu kuwa ni yeye aliyenialika. Chakula kilikuwa kizuri, dengu na chapati za moto, na niliacha sadaka kwa sababu nina haya. Yeye aliongezewa mara mbili.

Kipanga_wa_Emali

Makindu ni mapema mno kusimama. Mtu atokaye Nairobi anapaswa kusimama Mtito Andei, kwa sababu ndiyo katikati ya njia.

Mama_Watatu

Mtito Andei kila basi limesimama hapo, na foleni ya choo ni ndefu kuliko njia yenyewe. Mwenye watoto asimame Makindu asubuhi, kisha Voi.

Mkaazi_wa_Ndia_Kuu

Kwa sisi tuendao bara, mji mdogo wa Mackinnon Road ndipo pa kuanzia. Unasimama pale msikitini penye kaburi, unaomba dua, unaendelea na safari moyo ukiwa umetulia. Wapo madereva wasiopita bila kusimama, na sio Waislamu peke yao.

Mhasibu_Mstaafu

Mtu akisimama Makindu, Mtito, Voi na Mackinnon, huyo hajasafiri, ametembelea jamaa.

Kipanga_wa_Emali

Ninasisitiza Mtito Andei. Ni suala la umbali, si la choo.

Mwenye_Mahema

Samahani, hapo lazima niseme, maana kati yenu sote nadhani ni mimi niliyeshika usukani leo hii. Anayeshuka pwani asimame Mtito Andei, hapo Kipanga yuko sahihi, kwa sababu macho huanza kuchoka baada ya Kibwezi na mbele yako una Tsavo yote bila mahali pa maana pa kupumzika. Lakini anayepanda kurudi Nairobi hali ni nyingine kabisa. Yeye asimame Voi, ajaze mafuta, akague matairi, kwa maana ameshatoka kwenye malori ya Mazeras na Mariakani na mikono bado inatetemeka, halafu aende moja kwa moja hadi Emali. Mackinnon Road ni karibu mno na Voi, labda kama gari limepata joto. Kesho ndivyo nitakavyofanya. Je, kuna aliyepita Mariakani leo jioni? Malori yakoje pale mizani?

Mkaazi_wa_Ndia_Kuu

Shemeji yangu amepita hapo wakati wa magharibi. Anasema yamejipanga safu mbili na moja limeharibika kwenye kilima. Ukitaka kupumua, toka kisiwani kabla ya saa kumi na moja alfajiri.

Mwenye_Mahema

Niko Nyali, kwa hiyo nitoke saa kumi kamili. Asante sana. Ngoja niingie nikawaambie walale mapema.